Malindi mpaka Torino: baridi ya Ulaya mwanafunzi anaishi nayo vipi?

BintiBarani aliandika:

Asalam aleikum, na hamjambo wale wengine. Naomba mawazo ya wale waliosoma ng'ambo kwenye baridi. Mimi ni wa hapa Malindi, Barani, nimemaliza diploma yangu na sasa nimepata nafasi chuo kule Torino, Italia, inshallah mwezi wa tisa naondoka. Nitakaa na khalati, mdogo wake mamangu, ameolewa kule zamani na ana watoto wawili ambao mimi nawajua kwa simu tu.

Mambo ya viza na karatasi nayafatilia mwenyewe hayo msinipe, ninachotaka ni maisha ya kila siku. Yani mtu anaamka vipi asubuhi na hio baridi, anaenda darasani amevaa nini, jioni giza likiingia mnafanya nini na marafiki au kila mtu anajifungia kwake, wikendi na familia inakuaje, theluji ni ya kila siku ama ni ya kwenye picha tu. Na swala na kufunga je.

Nauliza hivi kwa sababu nyumbani nimechoka kutishwa. Mamangu tangu ile barua ifike ananunua mablanketi mazito yale ya maua, sahi yako mawili juu ya kabati na anatafuta la tatu. Bibi anasema kule pua inakatika. Na wanaonitisha zaidi ni Wataliano wenyewe, babangu ana kiduka cha vinyago upande wa Casuarina na kila Mtaliano nikimwambia naenda Torino na Januari nitakua huko anacheka, ananiuliza kwa nini, manake wao Krismasi ikikaribia washafika kwetu na hawaondoki mpaka mwezi wa tatu. Sasa mtu anakimbia kwao mimi ndo naenda, nikajiuliza kuna nini huko jamani.

Msinifiche lakini msinivunje moyo pia 🙏

---

KabutiLaBoda:

Mashallah hongera sana dadangu.

Mimi ushauri wangu ni wa biashara. Mwezi wa saba kusi likivuma hapa alfajiri ni digrii 22 hivi na mimi niko stejini na kofia ya sufu ya marvin, glavu na jaketi la ski, la ukweli sio mchezo, nililipata mtumba pale sokoni na kwenye zipu bado kinaninginia kile kikadi cha plastiki cha kupandia lifti ya mlimani huko kwao, sijakitoa naona kama ni namba ya gari. Abiria wananicheka lakini mimi sijawahi kuugua kifua. Nakuuzia elfu mbili mia tano, wewe ukifika nalo Italia wataliona linarudi nyumbani.

---

Maweni_to_Torino:

Waaleikum salam mdogo wangu. Mimi nimetoka Maweni, nilisoma Torino nikamaliza na sasa nafanya kazi hukuhuku, kwa hio hapa umefika.

Kwanza jaketi la huyo wa boda usinunue 😂 la ski limekatwa fupi kwa mtu anayetoka jasho mlimani, wewe unataka koti refu linalofika magotini la kusimama nalo ukingojea tramu. Na wala usinunue Kenya kabisa utajaza begi bure. Torino kuna Porta Palazzo, soko la wazi kubwa mno, ni katika masoko makubwa ya Ulaya nzima, na kwa nyuma yake kila Jumamosi kuna soko la vitu kuukuu linaitwa Balon. Ni mtumba uleule unaoujua wewe, tofauti yake haujapanda meli bado. Koti la sufu zito unalipata kwa bei ambayo dukani hununui hata skafu. Nenda mapema na usioneshe kama umelipenda, biashara ya Malindi inafanya kazi huko vilevile.

Sasa baridi. Torino Januari usiku inashuka sifuri au chini yake kidogo, mchana inapanda sita, saba. Pua haikatiki, mwambie bibi. Theluji mjini sio ya kila siku, kuna mwaka inaanguka kidogo na kabla watu hawajamaliza kupiga picha ishakua matope. Kitu kinachochosha mtu wa pwani sio baridi, ni giza. Sisi tumezoea jua linatoka saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, hatulifikirii. Kule Disemba linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi na moja kasoro jioni lishaenda, na hapo katikati mara nyingi kuna ukungu umelala mji mzima hulioni hata hilo lenyewe. Unatoka darasani saa kumi na moja unaona usiku, mwili unakwambia nenda kalale, ukiusikiliza umekwisha. Wanafunzi wengi wanaoharibikiwa wanaharibikiwa hapo, anaanza kukosa kipindi kimoja cha asubuhi, kisha hatoki jioni, kisha mwezi wa kwanza umeisha anaongea na simu tu.

Kwa hio mimi kanuni yangu ilikua nikitoka chuo sirudi nyumbani moja kwa moja. Wanafunzi wa kule wana vyumba vya kusomea vya EDISU, hao ndio wanaoshughulika na basari na kantini za wanafunzi mkoa mzima wa Piemonte, kuna joto, kuna watu, na umeme wake hulipi wewe. Mitihani ya kipindi cha kwanza inaangukia Januari na Februari kwa hio vinajaa, unakuta mtu ameweka koti kwenye kiti tangu asubuhi na mwenyewe haonekani, ugomvi wa viti huo utauzoea. Mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya mwalimu na watu wanasikiliza nyuma, kwa hio mkiwa wanne watano mnaulizana maswali mpaka usiku na hapo ndo urafiki unapatikana, sio klabu. Halafu mnatoka mnazurura. Mjini kuna vibaraza vimeezekwa kando ya barabara, wao wanaita portici, jumla yake kama kilomita 18, unatoka stesheni ya Porta Nuova mpaka karibu na mto Po mvua inanyesha na wewe hujafungua mwavuli. Mnanunua njugu zile kubwa za kuchoma, castagne, mnaweka mfukoni zinapasha mikono kwanza kisha ndo mnakula. Kuna kinywaji chao cha bicerin, kahawa na chokoleti na krimu kwenye glasi ndogo, kitamu wallahi lakini bei yake mwanafunzi anakunywa siku mgeni amekuja. Siku nyingine ni kahawa ya kusimama kaunta, ukikaa kwenye meza bei inapanda, hilo ukumbuke usije ukashtuka.

Nyumbani kwa khalati yako utakutana na termosifoni, hayo mabomba ya maji moto ukutani. Ikiwa jengo lina boila moja la wote huwashi wewe, ni kwa sheria: Torino ni kuanzia 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, isizidi masaa 14 kwa siku, na nyumba ni digrii 20 na mbili za kusameheana. Baridi ikija mapema unavaa sweta unasubiri tarehe mpaka manispaa waseme vinginevyo. Na khalati atafungua madirisha asubuhi dakika kumi na nyinyi bado mko kitandani, mtapiga kelele, lakini yuko sawa, mvuke wa kupika na nguo zinazokaushwa ndani ukikosa pa kutokea unageuka kuvu ukutani na kifua kinabana.

Vitu vidogo ambavyo hakuna atakayekwambia: mafuta yako ya nazi yataganda. Mafuta ya nazi chini ya digrii 24 hivi yanakua magumu kwa hio chupa yenye mdomo mwembamba usibebe, weka kwenye kopo la mdomo mpana uchote kwa kijiko, au ulaze juu ya termosifoni wakati unaoga. Mafuta yenyewe ndo uhai maana hewa ya ndani inakausha ngozi mpaka vidole vinapasuka. Na usishtuke ukishika kitasa cha mlango ukapigwa na cheche, ni zile nguo za nailoni na ukavu wa hewa. Mimi nilisoma Ayatul Kursiy mbele ya lifti ya chuo.

Wikendi na familia sasa. Hii lazima niieleze. Mimi nilikua nakaa kwa shangazi, na shangazi alikua na sinia lake la pilau, la aluminiamu, kubwa la watu wanane, alilitoa Malindi kwa mkono kwenye ndege na hataki mtu alioshe na waya. Jumapili moja ya Februari tukapanga kwenda Bardonecchia kuona theluji ya kweli, ni treni kutoka Porta Nuova, saa moja na nusu hivi unafika milimani karibu na mpaka wa Ufaransa. Tulikua mimi, binamu zangu wadogo, mshkaji mmoja Msenegali wa darasani na msichana wa Calabria kule kusini mwa Italia, na huyo naye alikua anaiogopa baridi kunishinda mimi, usifikirie kila Mtaliano ni mtu wa theluji. Shangazi akapakia pilau kwenye mahotpoti na sinia juu yake ili tule kistaarabu. Tukala tumesimama, pilau ikitoa moshi, watu wanapita wanatuangalia wanatamani.

Watoto wa watu wanateleza kwenye kilima na vile viberenge vya plastiki, binamu zangu wanalia wanataka, na kukodi kunataka pesa. Msenegali akaliangalia sinia, akaniangalia mimi, sikusema kitu. Shangazi alikua ameenda msalani. Basi sinia halina mbele wala nyuma, hilo ndo tatizo lake, ukianza kushuka linazunguka, unaona mlima, unaona watu, unaona mlima, na kuligeuza huwezi. Alipanda yeye na binamu mkubwa mapajani wakaenda kuishia miguuni kwa wazee wa Kitaliano waliokua wamekaa na mvinyo wao. Mimi mbio chini kuomba msamaha, mzee mmoja ananiuliza mnatoka wapi nyinyi, nikasema Kenya, Malindi, mzee akaruka juu, "Jambo bwana!", ana nyumba Malindi, anamjua mpaka muuza madafu wa kwetu, na analalamika kua mwaka ule mkewe amekataa kusafiri ndo maana amekwama kwenye baridi. Tulikaa nao mpaka treni ya jioni.

Sinia lilipinda upande mmoja. Shangazi aliligonga na mchi wa kinu halikunyooka sawasawa, na mpaka leo kwake pilau ikipakuliwa kachumbari yote inakimbilia upande wa Msenegali.

---

KobeWaMayungu:

Hii ya sinia nimecheka peke yangu dukani wateja wananitazama 😂😂 lakini mtu mweusi na theluji wapi na wapi, mimi hata AC ya benki inanitoa machozi. Ski tuwaachie wenyewe.

---

MsomajiKimya:

@KobeWaMayungu wapi na wapi? Philip Boit, Mkenya, Mkalenjin, mtu wa mbio za kawaida, alishiriki Olimpiki ya baridi ya Nagano kule Japani mwaka 1998 upande wa ski za masafa, kilomita 10. Alikua wa mwisho kabisa lakini yule Mnorwe aliyeshinda, Bjørn Dæhlie, alimsubiri pale kwenye utepe kumkumbatia, na Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina hilo la Daehlie. Na si mara moja, alienda tena Salt Lake City 2002 na tena 2006, na hio ya 2006 ilikua ni hapohapo Torino anapoenda huyu dada.

Na ukitaka wa karibu zaidi, Sabrina Simader, wa ski za kushuka mlima, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi ya Korea Kusini mwaka 2018, amezaliwa Kilifi. Kilifi hii unayoipita na basi ukienda Mombasa. Alikulia Austria ndo akajua, lakini ni mzaliwa wa pwani.

---

KobeWaMayungu:

Kilifi?? Haya nimenyamaza.

---

MwanaMkomani:

Nawasalimu kutoka Lamu. Nyinyi wa Torino mwalia na sifuri? 😅 Mie nalisoma Uturuki, na si Istanbul, ni Erzurum, mashariki kule, mji uko juu kama mita 1,900 na Januari minus ishirini si habari ya kutangazwa. Hapo ndo utajua pua ina nywele ndani, ukivuta pumzi zaganda wazihisi. Skafu uliyojifunga mdomoni ile pumzi yako yageuka barafu juu yake. Lakini ntakwambia kitu bint, baridi ya minus ishirini kavu yenye jua ni nyepesi kuliko kusi la mwezi wa saba ukiwa ndani ya mashua umerowa. Wavuvi wetu hapa kusi likikaza hawatoki nje ya mlango wa bahari, wavua ndani ndani ya mikoko, na hakuna anayewahurumia.

Sisi bweni letu lilikua mchanganyiko, Msomali, Mindonesia wawili na mimi. Mambo yetu ya kila siku yalikua ni chai. Watu wa Erzurum wana mtindo wao, sukari haiingii kikombeni, ni bonge gumu waliweka shavuni kisha chai yapita juu yake, bonge moja mtu anywea vikombe viwili vitatu. Kwa mtu wa Lamu aliyelelewa na kahawa thungu na tende hio si kazi, siku ya kwanza nalipewa nikafanya bila kufundishwa wakanipigia makofi. Wazee wa pale wakikuona mwanafunzi mgeni hawakubali ulipe. Ukiingia nyumba ya mtu viatu wavua mlangoni kama kwetu, na soksi yako ikiwa na tundu ndo siku yao ya kukuona, nunua soksi.

Kisa changu ni cha kikoi. Nalifua kikoi changu nikakianika roshani usiku, akili ya nyumbani, kikoi chaanikwa nje. Asubuhi naenda kukitoa kimekua ubao. Twakivuta, kimesimama chenyewe. Msomali akakibeba akakisimamisha mlangoni pa chumba, tukakivisha koti langu na kofia yangu ya kiua juu yake, kila anayepita ukumbini yuwasalimia. Nikapiga picha nikatuma grupu ya familia bila maneno. Ami yangu akauliza, huyu mwenzenu mrefu ni nani na mbona hana mato? Mamangu yeye hakuona mtu, yeye aliona kikoi, akaandika kwa herufi kubwa KIKOI CHA BABAKO UMEKIFANYA NINI.

Kilipopata joto kikalainika na hakikuharibika. Lakini usikikunje kikiwa vile, chavunjika nyuzi.

---

SistaWaWodi:

Nimesoma yote na nimefurahi, naongeza ya afya kidogo manake nyinyi mnacheka tu.

Dada ukifika jiandikishe kwa daktari mapema usisubiri kuugua, na muulize kuhusu vitamini D. Ngozi inaitengeneza kwa jua, na Torino iko latitudo ya 45 kaskazini, kuanzia Novemba mpaka Februari jua lao liko chini halina nguvu ya kufanya kazi hio, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua jingi zaidi ya wao, ukiongeza mtu anayejistiri mwili wote ndo kabisa. Uchovu na maumivu ya mifupa watu wanasema ni stresi ya masomo kumbe ni hio. Kipimo ni cha damu, usimeze vidonge kwa kukisia.

La pili, umetoka nje miguu imekufa ganzi usiipeleke moja kwa moja kwenye hita. Vidole vinavimba vinakua vyekundu vinawasha usiku kucha. Vua soksi zenye unyevu, vaa kavu, subiri vipate joto polepole.

Na barafu ile isiyoonekana barabarani ndo inavunja watu mikono, theluji yenyewe ni laini. Hatua fupi, mguu wote chini, na mikono isikae mfukoni.

---

BintiBarani:

Jamani Mungu awalipe, nimemsomea mamangu kwa sauti jikoni, amecheka ya sinia mpaka akakaa chini, kisha akasema huyo Msenegali asije akakanyaga kwa mdogo wake.

Sasa @Maweni_to_Torino bado hujanijibu ya kufunga na swala. Na mablanketi nifanye nini, hataki kusikia, anasema nitakufa na yeye atalaumiwa. Na chakula nibebe nini au kila kitu kipo?

---

Maweni_to_Torino:

Msenegali ameoa sasa mwambie mama atulie 😂

Kufunga: kama una deni la Ramadhani, lilipe Disemba. Sio utani, alfajiri inaingia saa kumi na mbili na zaidi, magharibi saa kumi na moja kasoro, hata masaa kumi na moja hayafiki na kiu hakuna. Wadada wote tunaojuana tunalipa pamoja wakati huo, tunafuturu kwa zamu kwenye nyumba za watu na ndo vikao vyetu vikubwa vya baridi, sambusa, viazi karai, mtu analeta uji wa tangawizi kwenye chupa ya chai kwenye tramu. Shida inakuja kiangazi, magharibi inaingia saa tatu usiku, hapo ndo utalia. Swala ya kazi ni adhuhuri, laasiri na magharibi maana zimebanana mchana mmoja mfupi na wewe uko darasani, angalia ratiba ya chuo ujue kona yako mapema. Udhu wa maji baridi usijaribu ushujaa, geuza bomba.

Krismasi binamu zako watakua nyumbani mpaka tarehe 6 Januari, siku ya Befana, yule bibi kizee wa ufagio anayeletea watoto peremende na mtundu anapewa makaa ya sukari. Watakuuliza kwa nini Malindi hafiki, tayarisha jibu. Halafu tarehe 29, 30 na 31 Januari utasikia kila mzee anazitaja, kwao ndo siku za baridi kali kuliko zote za mwaka, ikiwa kweli ikiwa si kweli watu wanavaa kwa hizo tarehe. Tarehe moja tu ikiwa na jua watagombana wiki nzima.

Mablanketi. Beba moja, umridhishe. Nasema kweli, ndege nyingi ni kilo 23 na hilo la maua peke yake linakula kilo nne tano lakini mzazi amelinunua na ukiliacha utaondoka na kinyongo chake. Hayo mengine mwambie ayaweke ya wageni. Khalati yako atakua na madyuvee ya kutosha na hilo la maua utalipenda siku ya homa, hilo nakuahidi.

Chakula: mchele, maharage, iliki, mdalasini, tui la kopo, nyama ya halali, vyote viko Porta Palazzo, hata mihogo. Ambavyo havipatikani vizuri ni ukwaju wetu, pilipili kavu za kwetu na achari ya maembe ya nyumbani, hio ifunge mifuko mitatu na uizungushie hilo blanketi. Na leso, beba leso nyingi. Unajifunga kiunoni ndani, unajitanda mabegani ukisoma, unafunika mtoto, unawekea mlangoni upepo usipite chini. Nguo hio moja imenifaa kuliko makoti yote.

---

KabutiLaBoda:

Kwa hio jaketi halitakiwi tena. Sawa. Nitashusha mpaka elfu mbili, kuna mtu mwingine anaenda?

---

MwanaMkomani:

@KabutiLaBoda lilete Lamu, mwezi wa saba takodisha kwa manahodha.

---

SistaWaWodi:

Na adapta dada usisahau, plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwao, wao ni pini za mviringo. Nunua hapahapa mjini kabla hujapanda basi, eapoti bei zao wanazijua wenyewe.